Alama Sitini na Nane za Trizah Awuor

Mmenisumbua vya kutosha. Mwalimu mmoja anakuja Jumatatu, mwingine Alhamisi, wote na neno lile lile: mama, tuandikie habari ya kompyuta ya shule, tuiweke kwenye kitabu cha kumaliza mwaka. Kompyuta nimeijulia wapi? Masomo yangu yaliishia darasa la tatu, na herufi zangu zinatembea kama bata aliyeshiba. Mnao walimu wenye digrii, mnao wanafunzi wanaoandika bila kutazama mkono, halafu mnakuja kumtoa mzee kwenye mtama wake na ndege wanamaliza. Haya. Nitaandika, lakini sitaandika mnavyotaka, ati mashine ilileta maendeleo, ati ripoti sasa zinatoka safi. Nitaandika juu ya Phelesia, mwuza njugu, jirani yangu ng'ambo ya ua. Alinieleza mwenyewe, kidogo kidogo, tukimenya njugu mlangoni kwake, na amesema niandike. Asiyependa afunge kitabu.

Phelesia alizaliwa upande wa Sori, kwenye mawe na jua, akaolewa huku kwetu Rangwe ambako mvua haimwogopi mtu. Mumewe alibeba magunia ya pamba Homa Bay mpaka kifua kikamshinda, akafa kijana. Watoto aliwazaa wanne. Aliyekua alikuwa mmoja, msichana, Trizah Awuor.

Kusoma Phelesia hakujua, isipokuwa vitu viwili. Alijua tarakimu, maana mwuza njugu asiyejua tarakimu ataliwa na gorogoro lake mwenyewe, ule mkebe wa kupimia. Na alijua jina la mtoto wake. Trizah alimfundisha kwa kidole, juu ya unga uliomwagika kwenye ungo: hii ni T, mama, ina mabega mapana, hii ni A, imepanua miguu. Phelesia akalishika hilo jina kama mtu anavyoshika njia ya kisimani. Angeliona popote, angelijua.

Alikuwa akiuza njugu kwenye baraza la duka la Abdinasir, pale sentani, sokoni kwetu, kwa sababu mke wa mwenye duka, Sainab, alimkaribisha siku moja ya mvua na asimfukuze tena. Abdinasir na Sainab walitoka mbali, upande wa Isiolo, wakauza sukari, leso na sufuria. Kijaluo cha Sainab kilikuwa cha kuhesabu tu, na Kisomali Phelesia hakukijua hata cha kuhesabu, kwa hiyo wakaishi kwa Kiswahili, kila mmoja akikivunja upande wake.

"Mama Trizah, hizi njugu zako leo ni nyembamba. Zimefunga Ramadhani?"

"Zimeona bei ya sukari yako zikakonda kwa uchungu."

Hivyo ndivyo walivyokaa. Na binti zao vilevile. Fardowsa wa Sainab na Trizah wa Phelesia walipelekwa shule ya sekondari asubuhi moja, Januari ya mwaka wa tisini na saba. Mama wawili walisimama kwenye mstari mmoja, wakaandikishwa mmoja nyuma ya mwingine. Trizah akapata nambari elfu moja mia moja arobaini na tatu, Fardowsa arobaini na nne. Fardowsa alikuwa mkali wa hesabu. Trizah alikuwa mkali wa kuimba, na hesabu ilimkimbia kama kuku anayeona kisu. Alama kumi na tano, kumi na nane. Ishirini alizipata mara moja akaja nazo nyumbani mbio.

Mwaka huo huo ndio mashine ikaletwa. Wageni wa kanisa fulani waliileta ikiwa imefungwa blanketi, ikawekwa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya jembe na fyekeo. Wakapiga pazia dirishani, wakaandika mlangoni: vua viatu. Hata mwalimu mkuu alivua. Jenereta ilinguruma nyuma ya jiko ili mashine ipate umeme. Aliyeruhusiwa kuigusa alikuwa mmoja, sekretari wa shule, Nyasuguta, mwanamke wa Kisii mwenye vidole vyepesi, ambaye miaka tisa alikuwa akipiga mitihani kwa taipureta na kuzungusha mashine ya wino kwa mkono mpaka gauni likawa na madoadoa. Walimpeleka mjini Kisii wiki mbili kufundishwa. Wiki mbili! Mtu hujifunza kusuka kikapu kwa wiki mbili? Akarudi akijua kuweka majina, kuweka alama, na kuiambia mashine ijumlishe yenyewe na kupanga watoto wa kwanza hadi wa mwisho. Walimu wakafurahi, maana kazi iliyowakesha siku nne ikawa ya asubuhi moja. Na mwalimu mkuu akaanza kusema neno ambalo baadaye liliwaumiza watu: mashine haikosei.

Sasa nakuja mahali ambapo mkono wangu haupendi.

Mnazikumbuka zile mvua za El Nino. Maji yalilala kwenye mashamba miezi mingi, na baada ya maji malaria ikapita nyumba kwa nyumba kama mkusanya kodi. Aprili ya mwaka wa tisini na nane, shule zikiwa zimefungwa, Trizah alisema kichwa kinamuuma. Hiyo ilikuwa Jumanne. Ijumaa alikuwa kwenye mkokoteni kuelekea hospitali, mama yake akitembea kando akimshika mguu, na kabla ya kufika lami mguu ule ukawa baridi.

Mnajua mila yetu. Msichana aliyefika umri na hakuolewa hazikwi ndani ya boma. Huzikwa nje ya ua, upande wa pili wa miti. Phelesia aliomba. Alisema, mtoto ana miaka kumi na sita tu, mwekeni karibu na jiko, pale anapopenda kukaa. Wazee wa mumewe wakasema, akilala ndani atawasumbua walio hai, ataona hana nyumba. Wakamweka nje. Na Phelesia kila jioni akifunga lango la boma alijua anafunga mtu nje. Aliniambia hivi: "Sikulia wakati wa udongo. Nililia wakati wa lango."

Mwezi wa nane shule zikafunga tena. Barua zetu wote wa upande huu hupitia sanduku la posta la Abdinasir. Phelesia alikuwa amekaa na gorogoro lake, Sainab akatoka ndani ameshika bahasha kwa ncha za vidole.

"Mama Trizah."

"Naam."

"Hii ni ya shule. Wamekosea hawa watu. Nitaitupa."

"Ina jina la nani?"

Phelesia akaichukua mwenyewe, na pale mbele, kwa herufi nyeusi zilizonyooka kama askari, akaliona. T yenye mabega. A iliyopanua miguu. Trizah Awuor.

"Fungua. Usome."

"Wallahi mimi siwezi kusoma hii."

"Sainab. Ripoti ya mtoto wangu. Soma."

Sainab akasoma, akigeuza Kiingereza cha karatasi kwa Kiswahili. Kidato cha pili. Nambari arobaini na sita kati ya arobaini na sita. Kiswahili, sufuri. Kiingereza, sufuri. Masomo yote mpaka hesabu, sufuri.

"Amekuwa wa mwisho," Phelesia akasema.

"Mama Trizah, jamani…"

"Endelea."

"Siku alizokosa shule: sufuri."

"Rudia hapo."

"Inasema hakukosa hata siku moja. Mwenendo: mtulivu. Maoni: aongeze bidii." Sainab akafuta macho na ncha ya shela. "Na shule itafunguliwa Septemba. Kila mwanafunzi afike na jembe lenye mpini."

Wewe mwenye masomo utacheka. Utasema, mashine haikuambiwa, basi. Lakini mtazame Phelesia. Mtoto wake amefungiwa nje ya lango. Na sasa karatasi yenye muhuri wa serikali inasema mtoto yuko darasani, ametulia, hajakosa hata siku moja, ila masomo yanamshinda. Angekwenda wapi, mtoto asiyeruhusiwa nyumbani, kama si shuleni? Phelesia aliikunja ile karatasi akaiweka kifuani. Hakuona kosa. Aliona habari za mtoto.

Septemba shule ilipofunguliwa, alikwenda. Alifika langoni akiwa na jembe jipya, mpini ameuchonga mwenyewe kwa mti wa mpera. Bawabu akamuuliza analeta la nani.

"La Trizah Awuor. Kidato cha pili."

Bawabu alikuwa mtu wa mbali, akapiga kelele kwa sekretari: kuna mzazi, jembe limechelewa! Nyasuguta akatoka bila viatu, mbio kutoka chumba cha mashine. Alipoona ni nani, alisimama. Wakatazamana. Nyasuguta angeweza kusema neno wakati ule, na mambo mengi yasingetokea. Badala yake alipokea jembe kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea mtoto mchanga, akasema, "Asante, mama. Nitaliandika jina."

Phelesia akarudi nyumbani mwepesi. Tangu siku ile alianza kusema na mtoto. Hakusema na kaburi. Alisema na mtoto akiwa barabarani kwenda shule, akiwa anarudi. Nilimsikia mimi kutoka kwangu, saa kumi na moja jioni: "Umefanya ile kazi ya hesabu? Usinidanganye." Lango la boma akaanza kuchelewa kulifunga. Sare ya shule aliifua kila Jumamosi ikiwa safi, na niliiona ikipepea kwenye kamba, haina mtu ndani, mikono ikijikunja na upepo kama inaita. Nilipita njia ya nyuma.

Halafu ikaja ripoti ya mwisho wa mwaka. Walimu walikuwa wamegoma Oktoba, wakarudi wakafanya mitihani kwa haraka, na mwishoni mwa Novemba bahasha zikafika kwa Abdinasir. Safari hii Phelesia hakumpa Sainab asome. Tarakimu alizijua. Alikwenda nayo nyuma ya duka, karibu na matangi, akaifungua.

Sufuri. Sufuri. Sufuri. Kisha, kwenye mstari ambao alijua ni wa hesabu kwa sababu siku zote ulikuwa wa mwisho: sitini na nane.

Akahesabu tena kwa kidole. Sita, nane. Na kule juu, nafasi yake haikuwa arobaini na sita tena. Ilikuwa arobaini na nne. Kuna watoto wawili hai ambao mtoto wake alikuwa amewapita.

Aliniambia alikaa juu ya mawe. Hofu ilikuwepo, hakuikana. Lakini juu ya hofu kulikuwa na kitu kingine, nacho ni fahari. Trizah aliyeleta ishirini mbio! Amefundishwa na nani huko? Alikaa pale akicheka mdomo umefunikwa, machozi yakipita katikati ya vidole. Hakumwambia mtu. Siku ile kila aliyenunua njugu alipimiwa mpaka zikamwagika.

Duka nalo likaingia giza siku ile ile. Ndani, Abdinasir alikuwa akisema kwa sauti ya chini, ile ya mtu aliyekwisha kuamua. Yeye na binti yake walikuwa na maagano ya zamani: Fardowsa akiwa ndani ya watano wa kwanza, atasoma mpaka kidato cha nne na mtu asimguse. Akitoka nje ya watano, atakwenda Ogwedhi kwa shangazi yake, penye soko la ng'ombe, akakae dukani. Miaka miwili Fardowsa alikuwa wa pili au wa tatu. Sasa ripoti ilisema wa kumi na moja. Hesabu, kumi na mbili.

"Kumi na mbili!" Sainab akatoka nje, akaketi chini karibu na Phelesia kama mtu aliyepigwa. "Mama Trizah, huyu mtoto hata kumi na mbili za kubahatisha hawezi kupata. Amekwenda shuleni kuuliza, mwalimu mkuu amemwambia mashine haikosei. Mwalimu wake wa hesabu, yule Mokaya, amehamishwa wiki iliyopita. Baba yake amesema Jumamosi. Jumamosi, mama! Pikapu ya shemeji inaenda Ogwedhi kuchukua ng'ombe, nayo hairudi na mtoto."

Fardowsa akaja nyuma yake na karatasi ya mtihani yenyewe, ile aliyoandika kwa mkono, pembe zimelowa kwa kushikwa. "Mama Trizah, ona. Wewe unajua tarakimu. Si ona? Mwalimu Mokaya aliandika mwenyewe na kalamu nyekundu. Baba anasema wino mwekundu hata mimi naweza kununua."

Phelesia akatazama. Ndani ya duara jekundu kulikuwa na sita, na nane.

Hapo ndipo alipojua. Hakuhitaji mwalimu. Alama zilikuwa moja tu, na watoto walikuwa wawili.

Mngetaka niandike kwamba alisimama palepale akasema. Hakusimama. Phelesia ni mwanamke mzuri lakini si malaika, na mimi siandiki habari za malaika. Alisema, "Pole, nyathina, mwanangu," akachukua gorogoro lake, akaenda nyumbani. Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi hakwenda sentani. Ile karatasi ilikuwa kifuani kwake, nayo, aliniambia, ilikuwa na joto. Ikiwa atasema, watamwondoa mtoto. Mahali pa mwisho duniani ambapo Trizah Awuor aliitwa, akahesabiwa, akaambiwa aongeze bidii, patafungwa kama lango. Na akinyamaza, Fardowsa ataondoka, naye atabaki na sitini na nane zake ambazo hakuna mwingine anayejua.

Ijumaa jua likiwa utosini alikwenda nje ya ua, upande wa pili wa miti. Majani yalikuwa yameota juu ya kilima kile kidogo. Akasema kwa sauti, "Trizah. Umekula kwenye sahani ya mwenzako?"

Upepo haukuwepo. Lakini nyuma yake, ndani ya boma, kamba ya nguo ililia, kwi, kwi, kama inavyolia ikiwa na mzigo. Akageuka. Sare ilikuwa imeanguka chini, kwenye vumbi, imekunjamana magotini kama mtu aliyeinama. Huo ndio ushuhuda wake, na mimi nauandika alivyoutoa. Kwetu tunajua: aliyekufa akila cha aliye hai, humvuta. Phelesia hakurudi hata kuokota ile sare. Alishika njia ya shule.

Wanafunzi hawakuwepo. Jenereta ilikuwa ikinguruma. Nyasuguta alifungua mlango, akaona ni nani, na kabla Phelesia hajasema lolote, akasema, "Nilikuwa nakungoja, mama. Tangu siku ya jembe."

Phelesia akavua kandambili, akaingia. Baridi ya sakafu ile hajaisahau. Kwenye kioo cha mashine kulikuwa na majina, meupe juu ya buluu, mstari chini ya mstari. Yote yalikuwa nyasi kwake isipokuwa moja.

"Huyo hapo," akasema.

"Ndiyo. Huyo hapo." Nyasuguta alikuwa na midomo mikavu. "Mama, nisikilize. Mimi nilimfuta. Aprili ile ile, nilipotoka mazishi. Umeme ukakatika, mashine ikapoteza kila kitu, nikarudisha majina kutoka kwa hii." Akainua diski, kitu chembamba cha mraba, chepesi kama kipande cha muhogo mkavu. "Tulinakili majina hapa Machi, wakati yeye yuko hai. Nikiyarudisha, anarudi. Nikamfuta tena. Jenereta ikaisha mafuta. Akarudi. Mara tatu, mama. Mara ya tatu nikaogopa. Hata kwetu Kisii mtu anayerudi mara tatu hafukuzwi. Nikasema, kama mwenyewe hataki kutoka, mimi ni nani? Nikamwacha. Na mwalimu mkuu ningemwambia nini?"

"Na sitini na nane?"

Nyasuguta akavuta faili, akatoa orodha iliyoandikwa kwa mkono. "Walimu wengine walijaza alama kwenye orodha ya mashine, wakaweka kistari kwa Trizah, mashine ikakisoma sufuri, na maneno ya mwenendo ikayajaza yenyewe. Mwalimu Mokaya aliandika yake mwenyewe. Alisema mkono wake hautaandika jina la mtu aliyelala, si heshima. Akamruka. Mimi nilikuwa na haraka, nikafuata mstari kwa mstari, yake na ya mashine. Ya kwake ilikuwa na mtu mmoja pungufu." Akaweka rula. "Aliyefuata alikuwa Fardowsa. Alama zake zikaingia kwa Trizah. Za aliyefuata zikaingia kwa Fardowsa. Hivyo hivyo mpaka chini."

Heshima ya Mokaya, mnaiona? Alimruka mfu kwa adabu, na kila aliye hai chini yake akakanyagwa.

Jenereta ilinguruma. Phelesia akauliza, "Ukimtoa hapa, na ukimtoa kwenye hicho kidude, atakwenda wapi?"

"Hatakwenda popote, mama. Hatakuwepo tu."

"Lione neno hilo," Phelesia akasema. "Hatakuwepo tu." Akakaa kwenye kiti cha mbao, mikono kwenye magoti, akatazama kioo mpaka macho yakamtoka maji kwa mwanga. Nyasuguta akanyoosha kidole kuelekea vitufe. Phelesia akamshika mkono.

"Wewe umemtoa mara tatu akarudi. Unajua kwa nini? Ulimfukuza kama kuku. Mtoto hatolewi nyumbani na mgeni. Nionyeshe pa kugusa."

Nyasuguta akamwonyesha. Phelesia akasogeza uso karibu na kioo, karibu kama mtu anayemwambia mtoto jambo kanisani.

"Trizah nyathina. Umesoma vya kutosha. Hakuna aliyekukataza, mimi mama yako nakuita. Mwenzako anataka kiti. Toka, tuende."

Akabonyeza.

Jina likatoka. Na hapa ndipo alipoumia kuliko mahali pote, aliniambia, kwa sababu hakukubaki pengo. Majina ya chini yalipanda hatua moja, upesi, kama watu kwenye benchi wakisogea mmoja akiondoka. Pakawa kama hakuna aliyewahi kukaa.

"Na kwenye diski," Nyasuguta akasema taratibu. "Lazima na huko, mama. Ama atarudi."

Diski ikaingizwa. Majina yakatokea tena, naye akiwemo, T yenye mabega, A iliyopanua miguu, kana kwamba hakusikia. Phelesia hakusema kitu mara ya pili. Alibonyeza tu, akageuza uso ukutani mpaka mashine ilipomaliza kunong'ona.

Nyasuguta akaingiza hesabu upya kwa orodha ya Mokaya, rula mkononi, akisoma kila jina kwa sauti. Fardowsa akatoka wa tatu kati ya arobaini na tano. Sekretari akapiga muhuri.

"Vaa viatu," Phelesia akamwambia. "Unakuja nami."

"Mimi? Mama, nitafukuzwa kazi."

"Nami nimefukuza mtoto. Vaa viatu."

Walifika sentani jua likiinama. Abdinasir alisoma karatasi mpya, akaisoma ya zamani, akaziweka mbili juu ya mzani. "Hii ina muhuri. Na hii ina muhuri. Niamini ipi? Kesho mtaniletea ya tatu?" Nyasuguta akaeleza, Abdinasir akatikisa kichwa. "Dada, kosa la kuandika nalijua, nina duka. Lakini alama za mtoto wangu ziliingia kwa nani? Nitajie mtu. Nimwone."

Hapo Phelesia akatia mkono kifuani. Ile karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na imelainika kama kitambaa. Akaifungua, akailaza juu ya zile mbili.

Abdinasir akasoma jina. Akasoma tena. Mtu huyu alikuwa amesimama kwetu siku ya mazishi na kilemba chake, alikuwa ameleta magunia mawili ya sukari. Rangi ikamtoka. "Mama Trizah. Huyu si tulimzika?"

"Tulimzika."

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Akakaa juu ya gunia. Mteja aliyeingia kutafuta chumvi akatoka bila kuuliza. Mwishowe Abdinasir akaita ndani, bila kugeuka, "Fardowsa! Toa nguo zako kwenye sanduku."

Sainab ndiye aliyeikunja ile karatasi kumrudishia mwenyewe. Phelesia akaitazama mkononi mwake, asiipokee.

"Mpe Fardowsa. Alama ni zake."

"Jina je?"

"Jina nalijua," Phelesia akasema, akatoka.

Mwaka huu wa tisini na tisa, shule zilipofunga Aprili, alikaa kwenye baraza la duka tangu asubuhi. Sainab alitoka ndani na bahasha moja tu, ya Fardowsa, akaona mikono ya Phelesia ilivyoinuka kidogo kutoka mapajani na kurudi. Walikaa pamoja wakimenya njugu ambazo zilikuwa zimekwisha kumenywa, mpaka Abdinasir akafunga milango.

Sasa mmepata mlichotaka, na mimi nataka changu. Sitaki soda wala leso. Wewe mwalimu unayeisoma hii, na wewe mwanafunzi unayefundishwa kuingiza majina: weka kitabu chini, nenda kwenye hiyo mashine yenu, mkae, msome kila jina lililomo kwa sauti, moja moja, na mngoje liitike. Lisiloitika, msilifute. Nendeni kwao kwanza, mbishe hodi, mmwulize mama yake.